Kicheko Hakisahihishi

Husemwa siku hizi, hata na watu wenye elimu, ya kuwa kijana wa Tanzania hana haja tena ya mwalimu wa Kiingereza maadamu ana simu mkononi. YouTube ipo tangu mwaka 2005, WhatsApp tangu mwaka 2009; lugha, wasema, yamiminika humo bure. Kauli hiyo naipinga.

Sikatai kuwa sikio hufaidika. Mwanafunzi wa Lindi aweza leo kusikia matamshi ambayo babu yake aliyasikia kwa nadra redioni. Faida hiyo tuikiri, tupite. Lakini sikio si ulimi, wala ulimi si kalamu.

Lugha ya kigeni haipatikani pasipo kukosea, na kosa halimfai mwenyewe mpaka atokee wa kulisahihisha. Hapo ndipo mitandao ya kijamii ishindwapo. Kijana akiandika sentensi mbovu mbele ya halaiki, je, hupata msahihishaji? Aghalabu hupata wachekaji. Sentensi yake hupigwa picha, ikasambazwa kwa watu asiowajua, na wacheshi hao ni Waswahili wenzake, ambao nao hawakuzaliwa na lugha hiyo. (Mwingereza akivunja Kiswahili twampigia makofi!) Basi mwenye haja kubwa ya mazoezi ndiye anyamazaye akabaki mtazamaji, na ajuaye tayari ndiye azidiye kujua.

Hasara yake si ndogo. Mtoto wa shule ya serikali aghalabu husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukuta jiografia na biolojia kwa Kiingereza. Mtihani utamdai insha yenye hoja zifuatanazo. Twitter ilianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi iliruhusu herufi 140 tu. Hata zilipofanywa 280 mwaka 2017, insha haikuumbika humo. Kila aisifuye simu kuwa mwalimu humpa mwenye hazina udhuru wa kuacha kiti cha mwalimu kitupu.

Nasi wa vyuo vikuu tusijitoe katika lawama, kwani wachekaji hodari hutoka kwetu. Kiingereza chetu kilisahihishwa na walimu waliokesha na madaftari yetu. Kila mmoja wetu na amtafute kijana mmoja wa sekondari, apokee kwa simu aya yake moja kila juma, aisahihishe faraghani neno kwa neno, na kumrudishia aiandike tena.