Unataka Mashine ya Kujaza Risasi kwa Keja? Wasee wa Kiogoro, Skizeni Hii Kwanza

TikTok haina adabu. Angalia video ya bunduki mara mbili tu, simu inaamua wewe ni mwindaji wa Texas. Kabla ulale umeshaletewa mzee mwenye ndevu ndani ya garaji safi kuliko sebule yenu. Anachukua ganda la risasi iliyokwisha fyatuliwa, analisafisha, analirudisha umbo kwa mashine ya mkono, anaweka kile kidude kidogo cha chini kinachowasha, anapima baruti kwa mizani, anabana kichwa kipya juu. Dakika chache, takataka imekuwa risasi tena.

Sasa mpelekee kijana wa Kiogoro hiyo video, mwenye ameshinda kwa jua kali akikata vyuma na kuchomelea mageti. Atakuuliza kitu moja tu: hiyo mashine ni how much, na ni gani iko poa?

Ni swali la fundi, na huko kwa wenyewe lina jibu. Kuna mashine ya kuvuta mara moja, hatua moja kwa wakati, polepole, ya msee anayeanza ama anayetaka kila risasi ifanane na mwenzake. Kuna ile ya kuzunguka yenye vituo kadhaa, inatoa mamia kwa saa, lakini ukikosea kituo kimoja umekosea mamia. Mmarekani anachagua kulingana na idadi anayopiga kwa mwezi, nafasi aliyonayo na doh mfukoni. Wakati wa korona, 2020 na 2021, risasi ziliadimika huko madukani na watu wakakimbilia hizi mashine hadi zenyewe zikaadimika.

Lakini cheki hesabu yake. Hiyo mashine inajilipa tu kama unapiga risasi kwa maelfu. Huku kwetu nani anapiga maelfu?

Uwindaji wa michezo Kenya ulipigwa marufuku 1977. Hakuna mzee wa Nyaribari Chache anaamka Jumamosi kwenda kupiga swala. Wanaobaki ni raia wenye laiseni, na wale wachache wa mashindano ya kulenga shabaha kama ya IDPA pale Kirigiti, Kiambu. Na hata hao, cheti cha bunduki kinataja aina ya risasi na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo. Si ati ni sukari, unanunua gunia uweke stoo.

Halafu sheria. Risasi iko chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, sawa na bunduki yenyewe. Kutengeneza za biashara ni mpaka usajiliwe kama mfanyabiashara wa silaha. Kupatikana na risasi bila cheti ni kesi hata kama huna bunduki, na unaweza kula miaka kumi ndani. Hapo bado hujagusa baruti, ambayo ina sheria yake, Sura ya 115 ya vilipuzi. Na ukipatikana na AK-47, G3 ama MP5 bila kibali, sheria inaruhusu kifungo cha maisha. Kwa hivyo hata ukiweza kuagiza mashine na iingie vizuri, kitu cha kuweka ndani yake ndicho kinakupeleka Kibos.

Msee anaweza kusema hizo ni sheria za kumnyima fundi wa Kisii unga. Mimi sioni hivyo, na sababu yangu iko chini ya ganda.

Geuza risasi uangalie kitako chake. Kuna herufi na nambari zimechongwa hapo: kiwanda, na mara nyingi mwaka. Kenya tuna kiwanda chetu cha risasi Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, cha tangu miaka ya 90. Risasi ikitoka pale inatoka na alama. Ganda likiokotwa baada ya karao ama mwizi kufyatua, ile alama ni shahidi. Haiogopi mtu na haihongwi.

Na huyo shahidi ashawahi kutoa ushahidi mzito hapa kwetu. 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Mtafiti alikusanya alama za risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, akazilinganisha na zile za vikosi vya serikali. Jibu lilikuwa noma: karibu nusu ya risasi haramu zilizozunguka eneo hilo zilitoka kwa polisi wa Kenya. Watu walikuwa wamezoea kuimba Sudan na Somalia, kumbe mzigo mwingine ulitoka kwa stoo yetu wenyewe. Bila ile michoro midogo ya kitako, hiyo stori ingebaki porojo ya base.

Sasa fikiria ganda limejazwa upya kwa keja ya mtu. Kitako kinasema Eldoret, lakini baruti na kichwa ni za nani? Ukilifuata unafika kwa stoo ambayo haijapoteza risasi hata moja. Shahidi amegeuka muongo. Hapo ndipo ile hobi ya mzee wa Texas inageuka kitu ingine kabisa ikifika Gusii. Yeye anapiga kopo nyuma ya nyumba. Sisi tuna siasa.

Na siasa yetu mnaijua, abanto baito. Januari 2024 pale Nyamarambe, Mugirango Kusini, milio ya risasi ilisikika kwenye hafla ya Gavana Simba Arati, watu wakaumia, kila upande ukarushia mwingine lawama. Mbogi za kukodiwa siku hizi ni kazi kama kazi ingine. 2027 iko hapo kwa kona. Kijana mwenye mkono mzuri wa chuma ndiye wa kwanza kufikiwa na mtu wa gari kubwa: "Fundi, kuna kakitu kadogo nataka unitengenezee." Malipo ni mazuri, na anayelipa hatakuwa kwa picha siku ya kortini.

Kuna pia mwili wako. Baruti ikizidi kipimo kidogo tu, presha inapanda na bunduki inaweza kupasuka mkononi, karibu na uso. Hata huko Marekani, mwenye mizani nzuri na kitabu cha vipimo anasoma mara mbili kabla ya kumwaga. Bunduki za kujitengenezea mtaani, zile za bomba na springi, hazina hata pa kuanzia. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba huo moto.

Wenye wanastahili kuulizwa maswali ya risasi ni wenye wako nazo tayari. Polisi akichukua bunduki kwa ghala ya kituo anatia sahihi kwa rejista: bunduki nambari gani, risasi ngapi. Akirudisha, zinahesabiwa tena. Zikipungua, anatakiwa aeleze. Baada ya maandamano ya 2024 na 2025, familia nyingi zinauliza kitu moja, nani alifyatua, na jibu la kwanza liko kwa hicho kitabu na kwa maganda yaliyobaki barabarani. IPOA ina nguvu kisheria ya kuitisha hizo rekodi.

Kwa hivyo ukiona ganda chini baada ya vurugu, iwe Kisii mjini ama huko kwenu Kiogoro, usiliokote kufanya kishikilia funguo. Lipige picha likiwa hapo hapo, karibu hadi herufi za kitako zisomeke, halafu upige ingine ya mbali inayoonyesha mahali. Andika saa. Tafuta wakili ama IPOA uwaonyeshe. Usitembee nalo mfukoni, maana karao akikusachi na kulikuta, itakuwa kazi kumweleza umelitoa wapi.