Marathoni Ni Asubuhi Moja Tu

Jamani, tuongee ukweli. Tukipanga safari ya familia, vijana wetu tunawabeba kama mabegi.

Mwaka 2025 marathoni ya Sydney iliingia rasmi kwenye kundi moja na Boston, London na Tokyo. Dada yangu akajiandikisha, akaja kutoka Melbourne na mumewe na binti yao wa miaka 14. Mimi, mama mdogo, nikaandika ratiba: Ijumaa kuchukua namba, Jumamosi mama alale mapema, Jumapili mbio, Jumatatu apumzishe miguu. Binti akaisoma, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi niko wapi?"

Iliniuma. Si ndivyo tulivyolelewa? Kila wikendi harusi na vikao vya wakubwa, sisi kwenye kona na soda. Halafu wanashangaa kwa nini tuliikimbia lugha.

Basi nikampa Jumamosi nzima. Akachagua feri ya Manly na chipsi ufukweni, bila kuharakishwa na mtu.

Jumapili, Agosti 31, aliamka kabla yangu. Kipchoge alipopita, yeye ndiye aliyepiga kelele: "Twende, mjomba!" Mzee alimaliza wa tisa, lakini kwetu alishangiliwa kama wa kwanza. Mama yake alifika baadaye sana, kelele zilezile.

Kwa hiyo, kabla hujakata tiketi, mpe kijana siku moja iwe yake kabisa. Kilomita 42 ni za mkimbiaji. Safari ni ya wote.

Kwenu nani hupanga?