Usiku wa Baridi na Jiko la Mkaa

Akina mama wenzetu, masika yanapoelekea ukingoni na upepo wa kusi kuanza kuvuma, sisi tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, huku Mbagala, Charambe, Bunju na Mabwepande, huanza kutafuta mashuka mazito yaliyolala sandukuni tangu mwaka uliopita. Ndugu zetu wa Makete hutucheka. Kwao Kitulo, mwezi wa Juni na Julai, umande huganda juu ya majani ya viazi na kuyababua kama yamepitiwa na moto, nasi tunalalamikia nyuzi 18! Lakini mwili uliozoea nyuzi 30 hauoni 18 kuwa jambo dogo, hasa mwili wa mtoto aliyezaliwa juzi.

Baridi hiyo hutoka kusini. Afrika Kusini inapoingia katika majira yake ya baridi, hewa iliyopoa husukumwa kuja kaskazini mpaka pwani yetu. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo kipupwe chenyewe. Hata hivyo, usiku unaotushtua zaidi ni ule wa Aprili au Mei, mvua haijaisha na upepo umekwisha kugeuka. Ni miezi ya dhoruba pia. Wazee wa Lindi walisimulia kimbunga cha Aprili 1952, na sisi wenyewe tunakumbuka Hidaya, Mei 2024, boti za Zanzibar ziliposimamishwa na kimbunga kikafika Mafia kabla ya kuishiwa nguvu. (Jina zuri namna hiyo, zawadi, kupewa kitu kama kile!)

Usiku mmoja wa mvua ya Mei, jirani yetu alikuwa na kichanga cha siku tisa. Jikoni kwake ni banda la nyuma, kama kwa wengi wetu, na upepo ulikuwa ukiingiza maji kila upande. Akalibeba jiko la mkaa akaliingiza chumbani, akapika uji, watoto wakanywa. Kisha akaona joto lile ni zuri kwa mtoto. Akaliacha. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kitenge ili upepo usipenye.

Mumewe ni mlinzi wa usiku. Aliporudi alfajiri alimkuta mkewe ameketi sakafuni akitapika, kichwa kinamuuma kama kinapasuliwa, na binti yao mkubwa amelegea haamki. Majirani tulikusanyika. Mmoja alisema ni malaria, mwingine akaanza kunong'ona habari za kulogwa. Bahati njema baba yule aliacha mlango wazi na kuwatoa wote nje kabla hajauliza lolote. Hospitalini daktari alipoambiwa hali zao, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlilala na jiko?" Waliwekewa oksijeni, wote wakapona, na kichanga pia.

Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Unaendelea kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni, mtu akalegea, akasinzia, asiweze hata kuinuka kufungua mlango. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu bila homa, tusianze kutafuta vidonge. Tuwatoe nje kwanza, kisha twende hospitali, hata wakisema wamepata nafuu.

Je, kichanga atapata wapi joto? Kwa mama yake. Avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani pako ngozi kwa ngozi, kisha mfunikwe wote kwa kanga na blanketi, uso wake ukiwa wazi. Ndivyo wakunga wanavyowatunza watoto njiti, na baba naye anaweza kupokea zamu akitoka kazini, ingawa wengine huona haya. Ikiwa mvua imekulazimisha kupikia ndani, acha mlango na dirisha wazi, na chakula kikiiva jiko litoke na makaa yake. Mtoto akipumua haraka na mbavu zikibonyea ndani, usingoje kukuche.

Jirani yetu siku hizi husikiliza utabiri redioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mvua kubwa, uji kwake huiva saa kumi na moja jioni na kujazwa kwenye chupa mbili za chai, moja ya watoto na moja ya mzee arudipo lindo. Jiko hubaki bandani limefunikwa sufuria kuukuu. Mzee alinung'unika kidogo mwanzoni, eti uji wa chupa una harufu ya kizibo.