Barua ya wazi kwa KCCA: sigara moja moja na wanaume wa Kampala

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA)

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu biashara inayofanyika mchana kweupe karibu na kila steji ya bodaboda jijini: sigara inayouzwa moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, iliipiga marufuku. Sheria hiyo hiyo inataka asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma, ifunikwe kwa onyo na picha. Lakini mwanaume wa steji hanunui pakiti. Anatoa shilingi mia chache, anapewa sigara tupu, anaiwashia hapo hapo kwa kibiriti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo za dirisha la duka, kisha anarudi kwenye pikipiki yake. Pakiti yenye onyo inabaki rafuni kwa mwenye duka, ambaye mara nyingi ni mama asiyevuta kabisa. Anayeonywa siku nzima ni yeye.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta asilimia 11.6 ya wanaume wazima nchini wanatumia tumbaku, na wanawake asilimia 4.6. Ukitulinganisha na nchi nyingine tuna afadhali, na sitaki kukuza mambo. Ila wastani wa nchi haukai Kabalagala saa kumi na moja alfajiri. Pale sigara ni salamu. Kijana aliyetoka kijijini juzi na pikipiki ya mkopo anapewa sigara kabla hajazoeleka, na akikataa ataulizwa kama bado ananyonya. Sheria inasema asiuziwe mtu wa chini ya miaka 21. Nani pale anauliza umri? Wanaovuta watakwambia wanafukuza baridi, usingizi na njaa, na kuhusu njaa hawasemi uongo, maana nikotini hupunguza hamu ya kula, na sigara moja ni rahisi kuliko rolex, ile chapati yetu ya mayai.

Huu uanaume wa sigara, Mheshimiwa, hatukuurithi kwa wazee. Bibi wengi wa Kigezi walivuta kiko na hakuna aliyewaona wamegeuka wanaume. Ulitengenezwa na watu wa matangazo. Huko Marekani, Marlboro ilianza kama sigara ya kina mama. Katikati ya miaka ya 1950 ndipo alipoletwa mchunga ng'ombe mwenye kofia pana, na mauzo yakapaa. Mmoja wa wanaume waliopigwa picha za matangazo hayo, Wayne McLaren, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992 akiwa na miaka 51, baada ya kutumia siku zake za mwisho kuwasihi watu waache. Hapa kwetu mojawapo ya pakiti zinazojulikana sana inaitwa Sportsman. Mwanamichezo! Mwambie mvutaji wa miaka mingi apande kilima cha Nakasero kwa miguu, umwone huyo mwanamichezo.

Na sasa niseme lile ambalo wanaume hatulisemi hadharani. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Moshi wa sigara huharibu kuta za mishipa na kuifanya ikaze na kuziba, na ile myembamba ndiyo hutangulia. Kwa hiyo mwanaume anaweza kupungukiwa nguvu za kiume miaka kadhaa kabla moyo wenyewe haujalalamika. Hiyo ni dalili ya kumpeleka mtu hospitali. Kampala inampeleka kwa muuza mulondo, mzizi unaosifiwa kuongeza nguvu za kiume. Umewaona, wanatembea na mizizi yao mkononi kati ya foleni za magari, na wateja wao hawakosi. Kuna jioni nilimwona bwana mmoja pale Wandegeya akinunua sigara dukani, akavuta mpaka nusu, akaibana kwenye vidole ili apate mkono wa kuhesabia pesa za mulondo. Alilipia ugonjwa na dawa bila kusogea hatua kumi, na hakuna mtu, si muuza duka wala muuza mizizi, aliyekuwa na sababu ya kumwambia kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana.

(Sheria inakataza pia kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kwa jinsi Wandegeya ilivyobanana, anayetaka kuitii itabidi apande juu ya paa.)

Sheria tunayo, na ni nzuri. Dkt. Chris Baryomunsi, ambaye ni daktari, aliipeleka bungeni kama mswada wa mbunge binafsi. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda, iliyoko nchini tangu 1928, ikaipinga katika Mahakama ya Katiba na ikashindwa Mei 2019. Kinachokosekana ni mkono wa kuitekeleza mitaani, na mitaa ya jiji hili iko chini yako.

Ila nakuomba usianze na yule mama wa dukani. Wachuuzi wanayajua magari ya mamlaka yako, na ukimnyang'anya pakiti moja leo, kesho ataificha chini ya unga na biashara itaendelea. Anza Kikuubo, kwa wauzaji wa jumla. Leseni ya biashara wanaipata kwako. Iwe na sharti la wazi kuhusu tumbaku, na likivunjwa leseni isihuishwe. Mama wa dukani atafuata bei na bidhaa zinazomfikia.

Jambo la pili ni vituo vyako vya afya. Kisenyi, Kiswa, Kawaala na Kitebi vinafanya kazi kubwa, lakini mwanaume wa steji anaviona ni vya wajawazito na chanjo, tena foleni ni asubuhi, saa zake za kutafuta pesa. Mtume muuguzi mmoja steji jioni, na kipimo cha shinikizo la damu. Mwanaume atakubali kupimwa presha mbele ya wenzake, kwa sababu hilo halina aibu, na hapo ndipo aulizwe habari ya sigara na aambiwe habari ya mishipa. Ushauri mfupi wa mhudumu wa afya huongeza idadi ya wanaoacha. Na anayeacha leo, ndani ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Steji yetu ya Namuwongo itampokea muuguzi huyo jioni yoyote baada ya saa moja, isipokuwa siku Arsenal inapocheza.

Wako katika kulijenga jiji,
Mkazi wa Namuwongo