Rocky ya Tano: Bingwa wa Nje, Mgeni Nyumbani



Vijana wetu hapa Keumbu wakianza kubishana juu ya filamu za Rocky, hawaelewani hata kidogo, isipokuwa kwa jambo moja: ya tano ni mbaya. Wanapenda ya nne, ile ya 1985, Rocky anapomwangusha Drago kule Moscow siku ya Krismasi. Ya tano, iliyotoka 1990, wanairuka. Hata Sylvester Stallone mwenyewe, aliyeiandika na kuicheza, ameisema vibaya hadharani.

Mimi leo naitetea. Nisikilize kwanza kabla hujanijibu kwenye komenti.

Wanalalamika kwamba shujaa anarudi maskini na mgonjwa, na mwishowe anapigana barabarani badala ya ulingoni. Ile ngumi ya barabarani nawaachia. Ingeweza kuwa bora. Lakini hayo mengine ndiyo maisha yenyewe. Rocky anatoka Urusi mikono ikitetemeka, daktari anamwambia ubongo umeumia. Pesa zote zimeliwa na mhasibu kupitia karatasi iliyotiwa sahihi bila kusomwa. Mtu wa huku kwetu ambaye ameona shamba la familia likienda kwa sahihi moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Na ndondi huumiza kweli. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, Kenya nzima ikashangilia. Mwaka 1994 alifariki Las Vegas baada ya kuumia kichwa ulingoni. Filamu ya nne inakuonyesha makofi tu. Ya tano inathubutu kukuonyesha kinachofuata makofi yakinyamaza.

Lakini sababu yangu kubwa ni hii. Rocky hawezi tena kupigana, basi anamchukua kijana mgeni, Tommy Gunn, anamfundisha. Anampa chumba nyumbani kwake, anampa muda, anampa moyo wake wote. Wakati huo mtoto wake wa kumzaa, Robert, anapigwa na wenzake shuleni, anamtafuta baba, baba hana nafasi. Mtoto anajifunza ngumi peke yake, kisha anaangukia marafiki wabaya. Tommy naye akishaonja umaarufu anamwacha Rocky na kumfuata promota mwenye pesa. Adrian, mkewe, ndiye anayemwambia Rocky ukweli: unaipoteza familia yako.

Mpendwa, hiyo ni habari ya Eli! Soma 1 Samweli sura ya 2 na ya 3. Eli alimlea Samweli, mtoto wa Hana, hadi akaijua sauti ya Mungu. Lakini Hofni na Finehasi, wa tumbo lake mwenyewe, walipotea mbele ya macho yake. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anajifananisha na bondia, na hofu yake ni kuwahubiria wengine kisha yeye mwenyewe akataliwe.

Sasa nakuuliza wewe. Mzee wa kanisa, unajua shida za kila kijana wa kwaya; mwanao amekuwa akilala na mawazo gani? Mwalimu, watoto wa wenyewe wanapita mitihani kwa jasho lako. Daftari la wako ulilifungua lini? Baba uliye Nairobi, karo unatuma, tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini mtoto hawezi kukumbatia M-Pesa. Na sisi wachungaji tusijifiche nyuma ya madhabahu. Swali hili ni letu kwanza.

Sisemi uache kulea watoto wa wengine. Eli hakukosea kumlea Samweli. Nasema anza na yule anayekuita baba, anayekuita mama.

Ndiyo maana naipenda hii filamu. Haimalizi na mkanda wa ubingwa. Inamaliza Rocky na Robert wakiwa kwenye zile ngazi za Philadelphia, baba akimpa mwanawe kumbukumbu aliyopewa na kocha wake Mickey. Aliyecheza Robert ni Sage, mtoto wa Stallone wa kumzaa, na ukijua hilo utaitazama kwa jicho lingine. Wanaosema Rocky hakushinda chochote wanatafuta ushindi ulingoni, na yeye aliupata kwa mwanawe.

Leo jioni weka simu chini. Muulize mtoto wako swali moja, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Ukiwa mbali, piga simu, na usianze na habari ya matokeo ya shule.

Baba wa mbinguni, turudishie mioyo ya watoto wetu, na yetu uwarudishie wao. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika Amina, kisha umtumie mzazi mmoja. Mbarikiwe.