Dakika za Mgonjwa Ziwe Kipimo cha Barabara Zetu

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Ni wosia mwema kwa msafiri, lakini kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kukawia ndiko kutofika. Damu hiyo yaweza kuukatisha uhai wake ndani ya saa mbili.

Katika miaka yangu ya kuwahudumia wajawazito na wazazi, wapo akina mama wawili ambao sijawasahau. Wa kwanza nilimpokea nikiwa daktari kijana wilayani Ngara. Alitoka Ntobeye usiku wa mvua. Kalavati lilikuwa limesombwa na maji, hivyo wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela hadi mahali ambapo gari liliweza kufika. Wa pili nilimpokea miaka mingi baadaye jijini Dar es Salaam. Safari yake ilikuwa ya kilomita chache, juu ya lami, ndani ya gari la wagonjwa lenye king'ora. Gari hilo lilikwama katika foleni ya jioni kwa zaidi ya saa nzima. Mama wa Ntobeye alipona. Mama wa Dar es Salaam hakupona.

Tangu Thaddeus na Maine walipochapisha makala yao mwaka 1994, sisi wa taaluma hii huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa kwanza tunaukabili kwa elimu, na wa tatu kwa dawa, damu salama na wataalamu. Wa pili aghalabu tumewaachia wahandisi. Ni kweli kwamba mfumo wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeleta nafuu kubwa: mjamzito au mzazi mwenye dharura hupiga namba 115 bila malipo, naye hutafutiwa usafiri. Hata hivyo, simu haiwezi kufungua foleni wala kujenga kalavati.

Ndiyo maana mhudumu wa afya hana budi kuuliza fedha za barabara zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo nchini hutokana na tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli, kupitia Mfuko wa Barabara. Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, husimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, husimamia za wilaya, mijini na vijijini. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 140,000, nao ni mrefu mara kadhaa kuliko ule wa TANROADS. Lakini kwa miaka mingi fungu la barabara hizo lilikuwa asilimia 30 tu ya fedha za Mfuko. Kwa haki, tukumbuke kwamba barabara kuu hubeba malori mazito na huhitaji gharama kubwa. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya TARURA, hatua ninayoiunga mkono.

Tatizo ninaloliona liko katika namna tozo yenyewe inavyofanya kazi. Hulipwa kwa lita. Haiulizi lita hiyo imeunguzwa wapi, saa ngapi, wala kwa faida ya nani. Mwendesha bodaboda anayempeleka mgonjwa kutoka Ntobeye hulipa kiwango kilekile anacholipa mtu aliye peke yake garini, akiziba barabara ya jiji saa kumi na moja jioni. Wala foleni haiupunguzii Mfuko mapato, kwani gari linalonguruma bila kusogea nalo huchoma mafuta. Anayelipa gharama halisi ya foleni ni yule aliyelala nyuma ya gari la wagonjwa.

Kupanua barabara peke yake hakutoshi. Tumeona njia za juu za TAZARA na Ubungo zikijengwa, na Barabara ya Morogoro ikipanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha. Ni kazi za kujivunia, lakini nafasi mpya hujazwa na magari mapya. Basi moja refu la mwendokasi hubeba abiria zaidi ya mia moja. Abiria hao wakipanda magari binafsi, hujaza barabara nzima. London ilianza mwaka 2003 kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji nyakati za msongamano, magari ya wagonjwa yakisamehewa, na mapato yakielekezwa kwenye usafiri. Sisemi tuige kesho asubuhi. Kumtoza mtu ambaye hana basi la kutegemea ni kumwonea. Mabasi ya kutosha yatangulie, tozo ifuate.

Wakati huo huo, yapo mambo yasiyohitaji kusubiri. Kwanza, vipaumbele vya matengenezo vipangwe kwa kuzingatia muda wa mgonjwa kufika hospitali, pamoja na wingi wa magari. Kwa kipimo hicho, kalavati moja la Ntobeye laweza kutangulia mradi mkubwa zaidi. Wilaya ya Ngara inapitiwa na barabara kuu iendayo Rusumo, lakini lami hiyo haimsaidii mgonjwa asiyeweza kutoka katani kwake. Pili, katika miji, njia za mabasi ya mwendokasi zitumike pia kwa magari ya wagonjwa yenye dharura, kwa utaratibu ulio wazi kwa madereva na askari wa usalama barabarani.

Tatu, sisi watumishi wa afya tuandike. Katika kila rufaa, iandikwe saa mgonjwa alipoondoka, saa alipofika, na kilichomchelewesha. Takwimu hizo zipelekwe kwenye vikao vya halmashauri vinavyojadili barabara. Mhandisi hawezi kupanga kwa kifo asichokijua.

Nawe msomaji uliye mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, una nafasi yako. Simama katika mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, utaje daraja bovu kwa jina lake. Na uwapo barabarani, ukisikia king'ora, pisha. Usililie mkia gari hilo ili upenye foleni.

Wanaume wale wa Ntobeye walipisha, wakabeba na wakatembea usiku kucha. Wao walifanya sehemu yao kwa mabega. Haifai tozo wanayolipa kwa kila lita iwaache wakibeba machela tena masika ijayo.