BARAZA YA MWALIMU: Cheti cha Paka



Wasomaji wapenzi, mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa jamaa zetu alinifuata na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, kikishuhudia kwamba paka wake "amesajiliwa" kuwa mnyama wa faraja. Alikilipia pauni 60 kwa njia ya intaneti. Pamoja nacho palikuwa na barua ya wakala wa mwenye nyumba, ikimtaka amtoe paka huyo kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanawe wa miaka 10, tangu kufiwa na babake miaka miwili iliyopita, halali usiku ila paka awe miguuni pake.

"Mwalimu," akaniuliza, "cheti hiki hakinitoshi?"

Nami, kwa kuuona ule muhuri, nilidhani kitatosha. Nikamwomba siku tatu nisome. Niliyoyasoma ndiyo niwaleteayo leo, kwani najua si yeye peke yake.

Kwanza, hapa Uingereza hakuna daftari la serikali la wanyama wa faraja, wala hakuna cheti chochote kinachompa mnyama huyo hadhi ya kisheria. Fikra hii imetoka Marekani, ambako sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyorekebishwa mwaka 1988, ilimfungulia mlango mpangaji mwenye ulemavu kuombewa ruhusa ya mnyama. Hata huko hakuna daftari la serikali, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki kumpokea mnyama wa faraja kama mnyama msaidizi. Basi auzaye cheti auza karatasi tu.

Pili, tusichanganye mnyama wa faraja na mbwa msaidizi, kama yule amwongozaye kipofu. Huyu analindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Wanetu waendeshao teksi walijue hili vyema: kumkataa abiria kwa sababu ya mbwa wake msaidizi, au kumtoza zaidi, ni kosa ambalo faini yake yaweza kufika pauni 1,000. Udhuru unaokubaliwa ni wa kiafya tu, nao huombwa mapema kwenye ofisi itoayo leseni. Udhuru wa dini haumo. Nasi tuliofunzwa kwamba mbwa ni najisi tumefunzwa pia namna ya kujitoharisha. Maji hayajaadimika mji huu.

Tatu, je, mama yetu hana haki? Anazo, tena mbili. Sheria hiyo ya mwaka 2010 yahesabu maradhi ya nafsi kuwa ulemavu, iwapo yanamzuia mtu sana katika shughuli zake za kila siku na yamedumu, au yatazamiwa kudumu, miezi 12 au zaidi. Mwenye hali hiyo, au mzazi wake aliye mpangaji, aweza kumwomba mwenye nyumba alegeze sharti la mkataba linalokataza wanyama. Si lazima ombi likubaliwe. Hupimwa kwa uzito wake. Na kinachotia uzito ni barua ya daktari amjuaye mgonjwa, si muhuri wa dhahabu. Daktari aweza kutoza ada kwa barua hiyo, basi ulizeni kwanza.

Haki ya pili ni mpya, na ni ya England peke yake. Kwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi aweza kuomba kwa maandishi kufuga mnyama, akimweleza ni mnyama gani, awe mgonjwa au mzima. Mwenye nyumba hujibu kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya siku 28, wala hawezi kukataa bila ya sababu ya maana. Aliyepanga nyumba ya baraza la mji asome mkataba wake.

Haki hufuatana na wajibu. Katika England paka hutiwa chipu ya utambulisho kabla hajatimiza wiki 20. Ndiyo sheria tangu tarehe 10 Juni 2024, na faini yaweza kufika pauni 500. Uharibifu ni juu ya mfugaji, na kelele na harufu zisimfikie jirani.

Mama yetu alikuwa na kosa moja, nami nilimwambia: alimwingiza paka kwa siri. Tuliandika barua pamoja, tukaanza kwa kulikiri hilo, kisha tukaeleza hali ya mtoto na kuambatisha barua ya daktari. Cheti tulikiacha nyumbani. Siku ya 19 jibu likaja: paka na akae, ila zulia lisafishwe siku ya kuhama.

Mfichaji maradhi, kilio humfichua. Wengi wetu huona haya kumwambia daktari kwamba mtoto halali au mama hulia peke yake, tukaona wepesi kumlipa mtu tusiyemjua. Mlango wa daktari uko wazi, nao ndio wa kubisha kwanza.

Wabillahi tawfiq.